Kabla ya Kugusa

Maneno haya niliyasema tarehe 8 Septemba katika ukumbi mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mbele ya wanafunzi wa kine (fiziotherapia), wauguzi kadhaa, wamama wabebaji wa mizigo na mzee mmoja mwunga mifupa. Wanastaji, yaani wanafunzi walio kwenye mafunzo ya kazini, waliyarekodi kwa simu, wakaniomba niyaandike. Nimeondoa mizaha ambayo bila kuuona uso wangu isingeeleweka.

Mama zangu, wazee wetu, dokta, wadogo zangu wa staji: jambo sana.

Nimepewa dakika arobaini. Kwa mtu anayeshinda akihesabu moja hadi kumi kwa sauti, dakika arobaini ni mali nyingi. Nitajitahidi nisizile zote.

Tarehe 8 Septemba 1951 vyama 11 vya kazi yetu vilikutana Copenhagen vikaanzisha shirikisho la dunia, na tangu 1996 siku hii imekuwa yetu. Wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam huitwa wataalamu wa fiziotherapia. Sisi huku ni kine, neno refu la Kifaransa lililokatwa mkia, na mimi nalipenda hivyo hivyo. Mtu anayeumwa mbavu hana pumzi ya kutamka silabi sita.

Mgonjwa wa kwanza wa Jumatatu huingia akiwa ameshaanza kuvua shati. "Kine, nikande hapa." Ananipa mgongo, analala kifudifudi kabla sijajua jina lake. Wa pili huuliza mashine iko wapi, ile ya umeme inayochomachoma. Umeme ukiwa umekatika huniambia atarudi ukiwaka, kana kwamba maumivu nayo yamezimika. Nilianza staji 2008, leo mimi ndiye mkubwa wa idara upande wa mifupa, viungo na misuli, na ukoo wangu mzima bado unaamini nalipwa kwa kukanda. Kwenye matanga mjomba wangu huvua kiatu akaninyooshea mguu.

Sikatai kukanda. Mkono wenye joto humtuliza mtu, na mtu aliyetulia hueleza vizuri. Ila hospitali hainiweki pale kwa ajili ya nguvu za vidole, na kusema kweli kidole gumba changu cha kulia kilishachoka siku nyingi. Imeniweka niamue. Huyu nimguse au nisimguse? Nimguse wapi? Lini nimwambie shuka kitandani, vaa shati, kuna mtu mwingine anayepaswa kukuona leo? Maamuzi hayo hufanyika katika dakika kumi za mwanzo, mikono yangu ikiwa bado mfukoni. Leo nataka kuzungumzia dakika hizo kumi.

Tuanze na wamama, maana wamekaa mstari wa mbele, na nusu ya ninachojua nilifundishwa nao.

Mji wetu husifiwa kwa rasi zake tano zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono. Wapiga picha huvipenda vidole. Sisi wa Kadutu, Cimpunda na Funu tunaishi mahali mkono unapopanda. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye kimo cha karibu mita 1,460, na vyote vinavyoshushwa ufukweni, makala (makaa), viazi, ndizi, unga, mbao, lazima vipande kutoka hapo. Gari haliingii vichochoroni, na moto, yaani pikipiki, ikiona matope ya Aprili hugeuza. Anayefika mlangoni kwako ni mama, mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso.

Shuleni vitabu vyetu vilichora bwana mmoja mwenye tai akiinua boksi. Piga magoti, mgongo wima, boksi karibu na kifua. Nilipotoka shule nilimshika mama mmoja mbebaji nikamfundisha boksi lile. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, na huyo baba anapanda wapi?" Niliona haya. Mama hainui mzigo kutoka chini. Anakaa chini mbele ya mzigo, anaipachika kamba kwenye paji, wenzake wawili wanausukuma kwa nyuma, naye anasimama kwa nguvu ya mapaja. Katika sekunde hizo chache shingo, kiuno na magoti hulipa kodi ya siku nzima, na kitabu changu hakikuwa na hata ukurasa mmoja juu yake.

Basi nikaanza kutazama. Niliketi asubuhi tatu karibu na soko kabla ya zamu, nikiwa na daftari, na watu wakadhani mimi ni mtoza ushuru. Kamba huvuta kichwa kurudi nyuma, kwa hiyo misuli ya mbele ya shingo ndiyo inayokizuia, na pingili za shingo hubanwa katikati kama sahani zilizopangwa. Mama huinamisha kiwiliwili ili uzito uangukie juu ya nyayo zake. Wageni wakimwona husema ana mkao mbaya. Hana mkao mbaya, anapiga hesabu. Akisimama wima kama yule bwana wa tai ataanguka chali pamoja na viazi.

Kwa hiyo akija kwangu simwambii kwanza asimame wima. Namwuliza juu ya mikono. Vidole vinakufa ganzi? Kikombe kinakuponyoka? Kufunga vifungo vya mtoto kumekuwa kazi? Akijibu ndiyo, na hasa akiongeza kwamba miguu nayo imeanza kuyumba, shingo yake siigusi. Huenda uti wa mgongo wenyewe umebanwa, na huyo ni wa dokta. Akijibu hapana, ni shingo ya kamba tu, tutafanya kazi.

Jambo lililonishangaza katika asubuhi zile tatu ni hili: wengi hawakulalamikia mgongo. Walilalamikia magoti, tena wakati wa kushuka, sandali za plastiki zikiteleza. Wanastaji, hili mnalijua darasani lakini hamjalitembea. Kupanda kunachosha moyo na mapafu. Ukishuka, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi ya breki: unakaza huku unarefuka, na msuli unaokaza huku ukirefuka ndio unaouma kesho yake. Mama anayeshuka mikono mitupu baada ya kufikisha mzigo bado yuko kazini, ingawa hakuna anayemlipa safari hiyo.

Na kuna jambo ambalo hawamwambii kine mwanaume. Hata mimi walichukua miaka kabla ya kuniambia. Mama anarudi kwenye kamba wiki chache baada ya kujifungua, kwa sababu nyumbani hakuna unga. Kisha anaanza kusikia uzito chini, kama kitu kinataka kutoka, au akikohoa mkojo unamtoroka. Sitamwuliza hivyo mbele ya foleni. Nafunga pazia, nauliza kwa sauti ya chini: "Ukiwa na mzigo ukapiga chafya, kuna kitu kinashuka?" Wengi hucheka kwanza, halafu wanaacha kucheka. Yapo mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, yanafanyika hata umeketi kwenye kigoda ukipepeta mchele. Hali ikiwa imezidi, yuko dokta wa wanawake. Dokta Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi alipewa Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kuwasimamia wanawake walioumizwa vitani. Mji uliomzaa dokta huyo hauna sababu ya kunong'ona juu ya nyonga za mama zake wengine.

Mtaniuliza, sasa unawaambia nini? Usibebe? Nimewahi kusema hivyo nikiwa kijana. "Pumzika wiki sita" ni dawa isiyouzwa katika soko hili. Na hata ingeuzwa, kwa maumivu ya kawaida ya kiuno si dawa nzuri. Zamani mtu alilazwa kitandani wiki nzima, misuli ikalegea, akaamka ana maumivu na udhaifu juu yake. Siku hizi tunamwambia endelea kutembea, punguza, halafu ongeza. Na mama mbebaji anaelewa kuongeza kuliko mimi, kwa maana hakuna aliyeanza na gunia zima. Alianza binti, na kikapu. Kwa hiyo tunapatana bei: wiki mbili nusu mzigo, safari zile zile, kisha robo juu, kisha robo. Akisema nusu mzigo ni nusu bugali, tunatafuta pamoja safari gani ina kilima kidogo. Wakati mwingine nashindwa katika mapatano hayo. Anarudi na mzigo kamili, tunaanza upya, sigombi.

Namna moja iliyo sahihi ya kuinua, ile ya kwenye mabango, siifundishi tena kwa ukali. Tafiti zilizochunguza mafunzo ya kuinua mizigo hazikuonyesha kwamba yanazuia maumivu ya mgongo. Ninachofundisha ni kutofanya haraka wakati wa kusimama, na kutoona haya kuita mtu wa tatu.

Tumefundishwa pia kumwuliza mgonjwa: kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi? Nilimwuliza mama mmoja wa Cimpunda. Alifikiri sana, akasema: "Kumi ya nini?" Tangu siku hiyo nauliza hivi: kutoka barabarani hadi kwako unapumzika mara ngapi? Mwaka jana ulipumzika mara ngapi? Namba hiyo naiandika, na mwezi ujao nailinganisha.

Sasa niseme kosa langu. Nililifanya mimi, katika hospitali ambayo sitaitaja, na kila mwanastaji wangu husimuliwa katika wiki yake ya kwanza.

Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, mbebaji wa makala. Maumivu katikati ya mgongo, chini kidogo ya mabega. Nikaona makala, nikaona kamba, nikaona mgongo, nikafunga hesabu. Nilimtibu wiki tano. Nilimkanda, nilimlegeza pingili, nilimpa mazoezi. Kila wiki aliniambia, "Kine, usiku naketi." Nami nikaandika kwenye faili: halali vizuri. Wiki ya tano mwanastaji mmoja, msichana ambaye hakuwa amemaliza hata mwezi, alinivuta pembeni: "Mama, mbona kitenge chake sasa anakifunga kwa pini?" Alikuwa amekonda mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa natazama mgongo tu. Tukampeleka kupigwa radio, ile picha ya mifupa. Pingili mbili zilikuwa zimeliwa, zimeinamiana. Kifua kikuu cha mgongo.

Vitabu huuita ugonjwa wa Pott, kwa jina la Percivall Pott, mpasuaji wa London aliyeueleza mwaka 1779. Kijidudu chenyewe Robert Koch alikitangaza 1882. Kwa hiyo Pott aliutambua miaka zaidi ya mia moja kabla, kwa macho na kwa kusikiliza, bila maabara wala picha. Mimi nilikuwa na chumba cha radio ngazi moja chini ya idara yangu.

Dawa za kifua kikuu nchini mwetu hutolewa bure, na mama yule alizimeza miezi mingi bila kuruka. Lakini tulipogundua, miguu ilikuwa imeshaanza kulegea. Nguvu ilirudi, haikurudi yote. Leo anatembea na gongo, anauza nyanya. Akiniona njiani hunisalimia vizuri sana, ananiuliza habari za watoto wangu kwa majina. Ningependa afadhali anune.

Basi wadogo zangu, shikeni hili. Maumivu ya kazi yana tabia inayoeleweka: huja na mzigo, hupungua ukilala, hubadilika ukigeuka. Maumivu yanayokuamsha saa nane usiku na kukuketisha, yasiyojali umelala upande gani, yanayokuja na jasho, homa za jioni na nguo zinazopwaya, hayo yana mwenyewe mwingine. Mimi huangusha kalamu. Naiangusha kama kwa bahati mbaya, namwomba mgonjwa aniokotee. Mtu wa kiuno cha kawaida huinama kwa kunung'unika. Mtu ambaye pingili yake inaoza hainami kabisa: huchuchumaa mgongo ukiwa mkavu kama ubao, huokota, huinuka akijishika mapaja. Kwa watoto ni wazi zaidi, kwa sababu mtoto hajui kujikaza.

Na yule anayekuambia kwamba sehemu inayokaa kwenye tandiko la baiskeli imekufa ganzi, au mkojo umekataa kutoka tangu jana, usimlaze hata kwenye kitanda chako. Anamhitaji mpasuaji siku hiyo hiyo. Wauguzi mlio hapa, hata kama kine mkubwa yuko na mgonjwa, gongeni mlango.

Kinyume chake pia kipo, na hicho ndicho kinachojaza asubuhi zangu. Baba anaingia na bahasha ya kaki kwapani. Ndani mna radio ya mgongo. "Kine, nimeambiwa nina artroze. Mgongo umekwisha." Artroze ni kuchakaa kwa viungo. Lakini neno hilo, umekwisha, limelemaza watu wengi mjini humu kuliko moto. Mtu akishaambiwa mgongo umekwisha haulizi tena, anaacha kulima, anaacha kumbeba mjukuu. Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio ya tafiti 33 za picha za mgongo za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Kati ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walionekana na diski, ile mito iliyo kati ya pingili, zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Hao wote walikuwa wanatembea na shughuli zao. Namwambia baba: sufuria ya mama yako imeungua nje miaka ishirini, bugali inaiva au haiivi? Halafu namlaza chali, nauinua mguu ukiwa umenyooka, ule mtihani tunaouita kwa jina la dokta Lasègue. Uliandikwa na mwanafunzi wake Forst mwaka 1881, na Waserbia watakuambia Lazarević wao alitangulia kwa mwaka mmoja, wana haki. Maumivu yasiposhuka chini ya goti, namwonyesha mguu wake mwenyewe ulipofika juu. Naye hushangaa zaidi kuliko alivyoshangaa radio. Na hata yule ambaye diski yake imetoka kweli na mshipa wa fahamu unawaka hadi kwenye wayo, wengi wao hupona bila kisu, kwa wiki na miezi, ikiwa hatujamtisha akaacha kutembea.

Nimeona mzee wangu ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Mzee, asante kwa kuja. Najua ulidhani nimekualika nikuseme.

Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani, ardhi ya mji huu ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Mimi nilikuwa mwanastaji wa mwezi wa kwanza. Wagonjwa walilazwa uani kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa chini ya dari. Mwunga mmoja alikaa pale na vipande vyake vya mwanzi na vitambaa safi, akazishika mikono iliyovunjika hadi dokta alipoifikia. Hakuna aliyemfukuza siku ile. Kesho yake tulianza tena kuwasema waunga vibaya.

Ukweli ni kwamba mzee anamwona aliyevunjika siku ya kwanza, mimi namwona wiki ya sita. Na katika wiki ya sita kuna kitu ninachokiona ambacho siwezi kukinyoosha: mkono wa mtoto aliyevunjika karibu na kiwiko, ukafungwa kwa nguvu, vidole vimekunjamana kama makucha. Mjerumani Volkmann alikieleza 1881. Mkono uliovunjika huvimba. Ukiufunga hauna pa kuvimbia, damu haipiti, na msuli usiopata damu hufa kwa saa chache tu. Kinachobaki ni kovu, na kovu halikandiki. Plasta ya hospitali iliyobana hufanya hivyo hivyo, wauguzi msicheke. Kwa hiyo mzee, sikuombi uache kazi. Nakuomba, ukishafunga, utazame vidole jioni na usiku. Vikiwa vya baridi, vyeupe, vina ganzi, au mtoto akilia sana unapovinyoosha, fungua kila kitu papo hapo, umlete. Hata saa sita za usiku. Niliyemwambia hivi kwanza, mwunga mwingine wa upande wa Bagira, ameleta watoto wawili tangu hapo. Wote wawili wanaandika kwa mkono huo.

Nikipita haraka kwa abiria wa moto: kifundo cha mguu kikipinda, si kila mtu anahitaji radio, na radio ni pesa. Zipo kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992. Mtu mzima akiweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, tangu pale alipoumia na tena mbele yako, na ukibonyeza ukingo wa nyuma wa mifupa miwili ya kifundo, sentimita sita za mwisho, asishtuke, basi karibu kila mara hakuna uvunjifu hapo. Kwenye wayo bonyeza pia sehemu mbili: mzizi wa mfupa upande wa kidole kidogo, na ule mfupa uliotokeza mbele kidogo ya kifundo kwa ndani. Jifunzeni kwa vidole vyenu wenyewe leo jioni. Mtawaokolea watu nauli ya mwezi.

Na kuhusu mtoto aliyezaliwa nyayo zimegeukia ndani, ombi langu ni kwa wakunga: mleteni wiki ya kwanza. Njia ya Ponseti ni plasta ya kila wiki, tano au sita hivi, mara nyingi na mkato mdogo wa kano ya kisigino, kisha viatu vilivyounganishwa kwa chuma. Plasta si ngumu. Ngumu ni viatu: saa 23 kwa siku miezi mitatu, halafu kila usiku hadi miaka minne. Mguu ukishanyooka bibi husema mtoto anateswa bure, viatu vinawekwa juu ya kabati, na mguu unarudi ulikotoka. Siku hizi namwita bibi kwenye kikao cha kwanza. Namvalisha yeye kazi ya kuhesabu saa.

Jambo jingine linalomtofautisha mkubwa na mwanafunzi ni hesabu ya safari. Mwanafunzi huandika: vikao kumi na tano, mara tatu kwa wiki. Mgonjwa ametoka Walungu, au amevuka ziwa kutoka Idjwi. Hatarudi mara kumi na tano. Huenda hatarudi kabisa. Kwa hiyo kikao kile kimoja lazima kitoshe, na hapo ndipo unapojua kama mtu amesoma kweli. Karatasi yenye mazoezi manane hufungia karanga. Mimi natoa mawili. Nachagua mawili ambayo yatafanyika katika maisha aliyonayo: moja akisubiri maji kwenye bomba, jingine kabla ya kulala. Namwomba anionyeshe, mimi nikiwa nimekaa kimya. Kisha namwomba amfundishe aliyemsindikiza, na akikosea kumfundisha, mimi ndiye niliyekosea. Kuchagua mawili kati ya manane kulinichukua miaka kumi kujifunza. Naona aibu kidogo kusema hivyo, lakini ndivyo.

Wanastaji, kuhusu faili. Andikeni maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema. Mimi niliandika "halali vizuri" mahali aliposema "usiku naketi". Kama ningeandika "naketi", huenda macho yangu yangesimama hapo nilipopitia ukurasa wiki ya pili. Yule msichana wa pini leo ni kine wa hospitali nyingine, na nimesikia wanafunzi wake wanamwogopa.

Dakika zangu zimebaki chache na nimesema sana kuliko wenye mizigo. Mama, wewe wa kitambaa cha kijani, tulipatana jana: karibu mbele. Mfuko ule una mchanga, kilo ishirini tu, najua kwako ni mchezo. Kamba ni yako mwenyewe, sikuigusa. Utaketi, utajifunga, utasimama kama unavyosimama ufukweni, halafu utawaambia hawa watoto panapouma ni wapi na pasipouma ni wapi.

Wanastaji, sogezeni viti mpate kuona miguu yake. Mikono nyuma. Nani ana swali la kwanza?